Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Msemo wa Kiingereza "One-Off"

Msemo "one-off" una maana gani hasa?

Msemo huu hutaja jambo linalotokea, kitu kinachotengenezwa au malipo yanayotolewa mara moja tu, pasipo mpango wa kurudiwa. Mtu akiambiwa kwamba atatozwa "a one-off fee", anaambiwa kwamba ada hiyo akishailipa haitadaiwa tena mwezi ujao wala mwaka ujao. Akisikia kwamba mkutano fulani ulikuwa "a one-off", aelewe kwamba haukuwa sehemu ya mfululizo, na kwamba waandaaji hawakukusudia kuitisha mwingine wa namna ile.

Ndani ya maana hiyo mna matawi mawili ambayo inafaa yatenganishwe mapema. Tawi la kwanza ni la wakati: jambo limetokea mara moja. Tawi la pili ni la idadi: kitu cha namna hiyo kipo kimoja tu. Gari lililoundwa kwa ajili ya mteja mmoja, lisilo na pacha duniani, huitwa "a one-off" hata kama mwenyewe analiendesha kila siku kwa miaka ishirini, kwa sababu kisichorudiwa hapo ni kuundwa kwake, si matumizi yake. Kampuni ya Rolls-Royce, kwa mfano, ilizindua mwaka 2017 gari liitwalo Sweptail, lililotengenezwa moja tu kwa mteja mmoja, na magazeti ya Kiingereza yaliliita "one-off" bila kusita.

Kuna jambo la tatu ambalo kamusi nyingi hulipitia juujuu, nami naliona kuwa ndilo kiini cha msemo wenyewe. Anayesema "one-off" hasimulii yaliyopita peke yake. Anatoa pia kauli kuhusu siku zijazo, kwamba jambo hilo halitajirudia. Kauli hiyo yaweza kuwa ya hakika, ya matumaini, au ya kujikinga na lawama, na msomaji makini hujiuliza kila mara ni ipi kati ya hizo.

Msemo huu ulitoka wapi?

Ulitoka katika karakana na viwanda vya Uingereza. Huko neno "off" liliwekwa baada ya tarakimu ili kuonyesha idadi ya vipande vinavyotakiwa kutengenezwa kwa mchoro au kielelezo kimoja. Oda ikiandikwa "20 off", fundi alielewa kwamba anatakiwa kutoa vipande ishirini vinavyofanana. Ikiandikwa "1 off", kipande kimoja na basi. Matumizi hayo hayajafa: michoro ya kihandisi ya Kiingereza cha Uingereza bado huandikwa "6 off" pembeni mwa kifaa kinachohitajika mara sita katika mtambo mmoja.

Ushahidi wa maandishi unaotajwa na kamusi kuwa wa zamani zaidi ni wa mwaka 1934, katika kumbukumbu za chama cha kitaaluma cha mafundi wa kusubu chuma cha Uingereza, ambapo panazungumziwa kielelezo cha "one-off" kinachoweza kuandaliwa kwa muda mfupi sana. Si ajabu kwamba msemo unaonekana mahali hapo. Katika kazi ya kusubu, fundi hutengeneza kwanza kielelezo, mara nyingi cha mbao, akakizungushia mchanga maalumu na kuushindilia, kisha akakitoa ili pabaki uwazi wenye umbo la kitu kinachotakiwa. Uwazi huo ndio kalibu inayomiminiwa chuma kilichoyeyushwa. Kielelezo kitakachotumika kwa mamia ya vipande hustahili mbao ngumu au hata chuma, pamoja na saa nyingi za fundi stadi, ilhali cha kipande kimoja chaweza kufanywa kwa njia nyepesi na ya gharama ndogo. Kwa hiyo idadi iliyoandikwa kwenye oda ndiyo iliyoamua vifaa, muda na bei ya kazi nzima. Kabla "one-off" haijawa sifa ya kitu cha kupendeza, ilikuwa maelekezo ya kazi.

Je, si kweli kwamba ni "one of a kind" iliyofupishwa na kukosewa?

Si kweli, ingawa dhana hiyo imeenea hata miongoni mwa wazawa wa Kiingereza. Misemo hiyo miwili inakaribiana kwa maana na kwa sauti, na ndiyo maana watu huiunganisha, lakini asili zake ni tofauti: "one of a kind" inahusu aina, ilhali "one-off" inahusu idadi iliyoagizwa. Dhana hiyo imezaa kosa la tahajia, yaani kuandika "a one of" kwa herufi "f" moja. Neno "of" hutamkwa kwa sauti ya "v" mwishoni na hudai neno jingine baada yake. "Off" hutamkwa kwa sauti ya "f" na hapa husimama peke yake. Mwandishi anayetaka kuheshimika aandike herufi "f" mbili na kistari katikati.

Vilevile "off" hii isichanganywe na ile ya kuzima taa au ya kuondoka.

Hutumikaje katika sentensi?

Hutumika kama kivumishi na kama nomino. Kikiwa kivumishi, hutangulia nomino kama ilivyo kawaida ya Kiingereza: "a one-off payment", "a one-off event", "a one-off opportunity". Ikiwa nomino, hupokea kibainishi na wingi: "It was a one-off", "These are one-offs". Wingi huongezwa mwishoni mwa neno zima, kwa hiyo "ones-off" ni kosa.

Kwa kuwa maana yake haina viwango, haikubali kuongezewa "very". Jambo ama limekusudiwa kutokea mara moja ama halikukusudiwa hivyo. Maneno yanayoweza kuitangulia ni yale ya kutia mkazo kwenye mpaka wenyewe, kama vile "strictly" na "purely", na mara nyingi mwenye kuyaongeza ni mtu anayehofia kwamba msikilizaji atazoea. Meneja anayesema "this is strictly a one-off" anapompa mfanyakazi ruhusa ya kuondoka mapema, anafunga mlango wa ombi la pili kabla halijaletwa.

Je, Wamarekani nao huitumia?

Huitumia siku hizi, hasa katika lugha ya biashara na ya teknolojia, lakini kamusi za Marekani bado huitambulisha kuwa ya Uingereza zaidi. Mmarekani wa kawaida husema "one-time" kwa malipo, "one-shot" kwa jambo lenye nafasi moja, na "one of a kind" kwa kitu cha pekee. Katika Ireland, Afrika Kusini na Australia utakutana pia na "once-off", ambayo ina maana ileile na si kosa katika nchi hizo. Waairishi wana matumizi mengine ya kwao: "one-off housing" ni nyumba za mojamoja zinazojengwa mashambani, nje ya vijiji na mitaa iliyopangwa, na kwa miaka mingi zimekuwa suala la mabishano katika sera za mipango ya ardhi ya nchi hiyo.

Kuna tofauti gani kati ya "one-off" na "one-time"?

Katika malipo, tofauti ni ndogo na huhusu zaidi upande wa bahari aliko msemaji. Katika mambo mengine tofauti ni kubwa, na kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kwamba "one-time" mbele ya cheo humaanisha "aliyekuwa". "A one-time champion" ni bingwa wa zamani, na anayetafsiri "bingwa wa mara moja" anaweza kumpotosha msomaji.

Mtego wa pili ni kwamba "one-time" mara nyingi hueleza kanuni ya matumizi, ilhali "one-off" hueleza utokeaji au utengenezaji. Namba ya siri inayotumwa kwenye simu ili kuthibitisha muamala huitwa "one-time password" kwa sababu imewekewa sharti la kutumika mara moja na kufa. Namba za namna hiyo hutengenezwa kwa mamilioni kila siku, hivyo hakuna cha pekee katika utengenezaji wake. Msemo huohuo wa "one-time" hupatikana katika taaluma ya maandishi ya siri, ambako kuna ufunguo unaopaswa kutumika kwa ujumbe mmoja kisha uharibiwe. Uzito wa sharti hilo ulionekana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: mwaka 1942 watengenezaji wa funguo hizo wa Urusi ya Kisovieti walirudufu baadhi ya kurasa, zikatumika zaidi ya mara moja, na wachambuzi wa Marekani katika mradi uliokuja kuitwa Venona wakaweza kusoma sehemu ya ujumbe ambao vinginevyo usingesomeka kamwe. Hapo hakuna mwenye kusema "one-off". Kilichovunjwa ni sharti la matumizi.

Na "lump sum" je? Si yote ni malipo ya mara moja?

Hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi, na makosa yenyewe yanaweza kumgharimu mtu fedha. "Lump sum" ni malipo ya mkupuo, yaani kiasi chote kinatolewa kwa pamoja badala ya kugawanywa kwa awamu. "One-off" inasema kwamba wajibu wa kulipa hautarudi tena. Ya kwanza inajibu swali la namna ya kulipa, ya pili inajibu swali la iwapo utadaiwa tena.

Mfano mzuri ni kodi iliyotangazwa na serikali ya Uingereza mwaka 1997 dhidi ya kampuni za huduma za umma zilizokuwa zimebinafsishwa, iliyoingiza takriban pauni bilioni 5. Kodi hiyo iliitwa "one-off" kwa sababu ilitozwa kwa tukio moja lisilokusudiwa kurudiwa. Hata hivyo ililipwa kwa awamu mbili, moja mwaka huo na nyingine mwaka uliofuata. Ilikuwa kodi ya mara moja bila kuwa ya mkupuo. Kinyume chake pia hutokea: ada ya mwaka inayodaiwa yote kwa pamoja kila Januari ni ya mkupuo, lakini si "one-off", kwa kuwa Januari nyingine itafika.

Kitu cha "one-off" kinatofautianaje na mfano wa kwanza, toleo maalumu au kitu cha oda?

Mfano wa kwanza wa mtambo au bidhaa, hata ukiwa mmoja tu leo, umetengenezwa ili vingine viufuate, ilhali kitu cha "one-off" kimetengenezwa bila nia hiyo. Toleo maalumu huwa na nakala kadhaa zilizohesabiwa, kwa hiyo halistahili jina hili hata kama nakala ni chache mno. Kitu kilichotengenezwa kwa oda ya mteja, ambacho Waingereza hukiita "bespoke", huwa cha "one-off" mara nyingi, lakini si lazima, kwani mteja yuleyule anaweza kuagiza cha pili kwa vipimo vilevile. Na kamati ya "ad hoc", msemo wa Kilatini unaomaanisha kwamba imeundwa kwa ajili ya jambo mahususi, inaweza kukaa vikao vingi kwa miaka kadhaa.

Mtu naye anaweza kuitwa "a one-off"?

Ndiyo, na kwa kawaida ni sifa njema. Waingereza wanaposema "He was a one-off" katika maneno ya kumbukumbu ya marehemu, wanasema kwamba hakukuwa na mtu kama yeye wala hatatokea mwingine. Kwa Kiswahili tungesema "alikuwa mtu wa aina yake" au "alikuwa wa pekee". Sauti ya msemaji ndiyo inayoamua iwapo ndani ya sifa hiyo kuna pia maana ya mtu mgumu kuzoeleka, jambo ambalo lugha yetu nayo hulifahamu vizuri.

Kwa nini wahasibu na wawekezaji huutilia shaka msemo huu?

Kwa sababu hapa kauli kuhusu siku zijazo inageuka kuwa fedha. Kampuni ikieleza kwamba gharama fulani, tuseme ya kupunguza wafanyakazi au ya kufunga tawi, ni "one-off", inamwomba msomaji wa hesabu aitoe gharama hiyo anapokadiria faida ya kawaida ya kampuni. Ombi hilo ni la haki iwapo gharama kweli haitarudi. Lakini kampuni inayotaja gharama ya "one-off" mwaka huu, ikataja nyingine ya aina hiyohiyo mwaka ujao na nyingine mwaka wa tatu, imekuwa na gharama ya kawaida iliyovishwa jina la kupendeza.

Wasimamizi wa masoko wameliona hilo. SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa na dhamana ya Marekani, ina kanuni ya tangu mwaka 2003 inayohusu vipimo vya faida ambavyo kampuni hujitungia nje ya kanuni rasmi za uhasibu. Katika nyaraka inazowasilisha kwa tume hiyo, kampuni hairuhusiwi kuondoa gharama kwenye vipimo hivyo kwa hoja kwamba haijirudii, iwapo gharama kama hiyo ilitokea ndani ya miaka miwili iliyopita au inaelekea kutokea tena ndani ya miaka miwili ijayo. Viwango vya kimataifa vya uhasibu navyo, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2005, viliondoa kabisa ruhusa ya kuorodhesha mapato au matumizi chini ya kichwa cha mambo "yasiyo ya kawaida". Kanuni za Marekani zikafuata njia hiyo mwaka 2015. Naona kanuni ile ya miaka miwili kuwa kipimo kinachofaa hata nje ya uhasibu: kabla ya kukubali kwamba jambo ni la mara moja, tazama nyuma uone kama lilishatokea, na utazame mbele uone kama sababu zilizolileta bado zipo.

Tuitafsiri vipi kwa Kiswahili?

Hakuna neno moja linalotosha, na sioni sababu ya kulitafuta kwa nguvu, kwa kuwa Kiswahili kinayo njia iliyo bayana kwa kila tawi la maana.

Kwa malipo na matukio, "-a mara moja tu" ndiyo njia ya kawaida: ada ya mara moja tu, msaada wa mara moja tu. Neno dogo "tu" lina kazi kubwa hapo na lisiachwe. "Mara moja" peke yake ina maana mbili katika lugha yetu, yaani safari moja na papo hapo, na sentensi kama "malipo yafanyike mara moja" itasomwa na wengi kuwa ni amri ya kulipa bila kuchelewa. Mtafsiri wa mkataba aliyeandika hivyo akikusudia malipo yasiyojirudia amebadilisha sharti zima. Panapohitajika uhakika zaidi, ni bora kutumia kishazi kamili: "ada italipwa mara moja tu na haitadaiwa tena katika kipindi chote cha mkataba". Sentensi inarefuka, lakini hakuna atakayeigombania baadaye.

Kwa matukio yasiyotarajiwa kurudi, "-siojirudia" hufaa na hupatana na ngeli zote bila shida: tukio lisilojirudia, gharama zisizojirudia, hitilafu isiyojirudia. Umbo hili linafaa hasa katika taarifa za fedha, kwa sababu linaweka wazi ile kauli ya siku zijazo ambayo Kiingereza huificha ndani ya neno fupi.

Kwa vitu vilivyotengenezwa kimoja kimoja, ninapendekeza kusema jambo lenyewe: "gari lililotengenezwa moja tu", "pete isiyo na nakala". Neno "kipekee" huvutia, lakini limetumiwa mno katika matangazo hata limepungua nguvu, na msomaji hatajua kama kitu ni kimoja duniani au ni kizuri tu. Hali kadhalika "hafla ya aina yake" katika lugha ya magazeti humaanisha hafla ya kuvutia, ambayo yaweza kabisa kufanyika tena mwakani, kwa hiyo haifai kutafsiri "a one-off event". Fungu hilo la maneno tuliwekee watu, kama ilivyoelezwa hapo juu.

Je, "off-by-one" ni msemo uleule uliogeuzwa?

Hapana. Huo ni wa waandishi wa programu za kompyuta, nao hutaja kosa la kuhesabu ambapo matokeo yanazidi au kupungua kwa moja, kwa mfano programu inaporudia hatua mara kumi na moja badala ya kumi.

Nikikuta "one-off" katika mkataba ninaotakiwa kutia saini, niulize nini?

Uliza kwanza ni nini hasa kisichorudiwa: ni malipo, ni huduma, au ni vyote viwili. Ada ya "one-off" ya kufungiwa mfumo wa kompyuta, kwa mfano, haisemi chochote kuhusu ada ya matengenezo ya kila mwezi, na mara nyingi hiyo ya pili ndiyo kubwa kwa jumla yake. Uliza pia ni tukio gani linaweza kuifanya ada hiyo idaiwe upya, kama vile kuhama, kubadili jina la mwenye akaunti au kuruhusu huduma ikatike kisha kuirejesha. Watoa huduma wengi huhesabu kila tukio la namna hiyo kuwa mwanzo mpya, na kwa hesabu yao ada inabaki kuwa ya mara moja tu kwa kila mwanzo. Jibu utakalopewa liandikwe katika mkataba wenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, likitaja kipindi ambacho ada haitadaiwa tena.